Fleti ya likizo nyuma ya Croisette: nitume pesa au nisitume?

SWALI

Habari zenu wanasafu,

Agosti tunataka kwenda Cannes, Ufaransa, kwa wiki moja: mimi, mume wangu, mtoto wetu wa miaka 10 na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua. Hoteli za pale Croisette, barabara ya ufukweni, hatuziwezi, kwa hiyo nikatafuta fleti mtandaoni. Nimepata moja na ninaandikiana na mwenye nyumba moja kwa moja. Tangazo linasema: studio cabine ya mita za mraba 27, kulala watu 4, aperçu mer, ghorofa ya 4, clim mobile, rue des Frères Pradignac, mita 100 kutoka Croisette. Anataka euro 1,400 kwa Jumamosi hadi Jumamosi, zote zitumwe benki ndani ya siku tatu kwa sababu eti kuna wengine wanaisubiri. Tukifika tumpe amana ya euro 1,000 taslimu. Viza bado hatujaomba. Mume wangu anasema tukizubaa tutaikosa.

Jingine: mama mkwe anavaa buibui na anauliza kama ataachwa kwa amani ufukweni. Mimi naogelea na vazi la kufunika mwili. Nifanyeje?

Mama Mwenye Haraka

JIBU

Usitume, dada. Si wiki hii, na si kwa masharti hayo. Hatumwiti mtu tapeli kwa kusoma tangazo tu. Ila hata akiwa mkweli kabisa, fleti hiyo mtaijutia usiku wa kwanza, na utaratibu wa malipo aliowapa unawaachia nyinyi hasara yote huku yeye hapotezi kitu.

Tuanze na mtaa. Boulevard de la Croisette inafuata ghuba kuanzia Palais des Festivals, inapita mbele ya hoteli za Majestic, Carlton na Martinez, na kuishia kwenye ncha ya Pointe Croisette upande wa mashariki. Nyuma yake, sambamba, ipo rue d'Antibes yenye maduka, kisha reli na kituo cha treni. Eneo lililobanwa kati ya Croisette na rue d'Antibes mawakala wa nyumba wanaliita la Banane, na fleti yenu imo humo. Kutoka kituo cha treni hadi baharini ni mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu. Kwa hiyo hizo "mita 100" zisikupumbaze: katikati ya Cannes karibu kila nyumba iko jirani na Croisette. La kuuliza ni mtaa upi, na dirisha la chumba cha kulala linatazama wapi.

Na hapo ndipo penye kasoro. Rue des Frères Pradignac, pamoja na rue du Commandant André, rue du Batéguier na rue du Docteur Gérard Monod, ndiko kwenye baa na migahawa ya usiku ya mji. Meza zimepangwa nje, muziki unatoka milangoni, na watu hawatawanyiki mapema. Anayekwenda kustarehe usiku atapapenda. Mwenye mtoto na mama mtu mzima anahitaji chumba kinachotazama ua wa ndani, ambacho kwenye matangazo huandikwa sur cour, au kiyoyozi kinachoruhusu dirisha kufungwa kabisa.

Nyinyi mmeahidiwa clim mobile. Hiyo ni mashine ya magurudumu yenye bomba nene la kutolea hewa ya moto nje. Bomba lazima lipite dirishani, na likishapita dirisha halifungi. Mashine inavuta hewa ya chumba na kuitupa nje, kwa hiyo hewa nyingine ya joto inaingia kupitia ufa huohuo ili kuziba pengo, na kelele za mtaa zinaingia nayo. Kompresa nayo iko ndani, hatua chache kutoka mlipolala, inanguruma usiku kucha. Neno la kutafuta ni climatisation au clim réversible, yaani kile cha ukutani ambacho kompresa yake iko nje. Mwambie mwenye nyumba akutumie picha ya kiyoyozi chenyewe. Mwenye cha ukutani haoni tabu kukipiga picha.

Studio cabine ni studio ya kawaida yenye kijichumba karibu na mlango, mara nyingi hakina dirisha, ambamo vimewekwa vitanda viwili vya kupandana. "Kulala watu 4" maana yake wawili humo na wawili kwenye sofa sebuleni, ambayo pia ni jiko na njia ya kwenda chooni. Mama hawezi kupanda kitanda cha juu, na cha chini kitamlazimu ajikunje kila anapoingia na kutoka. Atapewa sofa. Kama sofa ni clic-clac, ile ambayo mgongo wake unalazwa mpaka usawa na kikalio, basi atalala chini sana juu ya godoro jembamba lenye mkunjo katikati, na asubuhi kuinuka itakuwa kazi. Halafu wewe na mume wako mtalala wapi? Kwenye vitanda vya watoto.

Lifti haijatajwa. Tangazo la Kifaransa lisilotaja ascenseur, chukulia haipo mpaka uthibitishiwe. Ghorofa ya 4 bila lifti, mara nne kwa siku na mifuko ya sokoni, inatosha kumfungia mama ndani wiki nzima. Ukiambiwa ipo, uliza kama kuna ngazi kabla ya kuifikia, maana majengo mengi ya zamani yana vidato kadhaa kutoka mlango wa barabarani hadi kwenye lifti, na lifti zenyewe huwa finyu.

Aperçu mer tutaimaliza haraka: ni kipande cha bahari kinachoonekana kwa mbali kati ya majengo, pengine mpaka uegemee ukingo wa roshani. Vue mer latérale ni bora kidogo, unaiona kwa pembeni. Vue mer ni bahari mbele yako. Tofauti ya bei kati yake ni kubwa, na kwa familia inayotoka asubuhi na kurudi jioni tunaona ni pesa inayopotea. Jua linapozama nyuma ya milima ya Estérel huonekana bure kutoka kwenye viti vya Croisette.

Tafuta deux-pièces, au T2, ambayo ni sebule na chumba kimoja cha kulala chenye mlango wake, ya mita za mraba 38 kwenda juu. Hakikisha ina lifti, kiyoyozi cha ukutani na kitanda cha sentimita 160. Kile cha 140 kimejaa kwenye fleti za huko, na watu wazima wawili wanabanana. Mama na mtoto wapate chumba, nyinyi mlale sebuleni kwenye sofa yenye godoro la kweli, inayoandikwa couchage quotidien. Uliza pia shuka na taulo: palipoandikwa linge non fourni mtabeba zenu au mtakodi. Usafi wa mwisho huwa ni malipo ya pembeni, kwa hiyo usilinganishe bei kabla hujajumlisha.

Mahali? Ndani ya Banane, upande wa mashariki nyuma ya Martinez, kwenye mitaa kama rue Pasteur, ni patulivu kuliko mtaa wenu na bado bahari iko hapohapo. Pointe Croisette ni patulivu zaidi, ila kufika katikati ya mji ni safari kidogo. Upande wa magharibi, Boulevard du Midi ina ufukwe mrefu wa wazi na bei hupungua kadiri unavyosogea La Bocca, lakini huko reli inapita sambamba na bahari. Uliza kama madirisha ni double vitrage, vioo viwili, la sivyo treni ya kwanza ndiyo itakayowaamsha. Ukikosa kabisa, Golfe-Juan na Juan-les-Pins ziko kwenye njia hiyohiyo ya treni. Agosti hakuna tamasha la filamu, ambalo ni la Mei, wala makongamano ya Juni yanayopandisha bei. Mtakachokutana nacho ni fataki: zipo usiku kadhaa wa Julai na Agosti, zinarushwa kutoka baharini, na jioni hiyo Croisette hufurika watu. Msifike na masanduku saa hizo.

Sasa pesa. Kabla ya yote, mwombe numéro d'enregistrement, namba ya usajili wa nyumba ya likizo. Ina alama 13, tarakimu na herufi, na tano za mwanzo ni msimbo wa manispaa. Namba za Cannes zimekuwa zikianza na 06029. Sheria ya Novemba 2024 imeweka Mei 20, 2026 kuwa mwisho wa kuhakikisha usajili huo umeenea nchi nzima. Asiyetaka kukupa namba ana sababu, na hakuna sababu nzuri. Namba peke yake haitoshi, kwa kuwa mtu anaweza kuinakili kutoka tangazo la mwingine. Kwa hiyo mwombe simu ya video inayoanzia barabarani: akuonyeshe kibao cha jina la mtaa, afungue mlango wa jengo kwa ufunguo au kadi yake, apande mpaka ndani, afungue bomba, afungue dirisha ukasikie mtaa. Dakika tano tu. Tapeli ana picha nzuri kukushinda, ufunguo hana.

Kisha mkataba wa maandishi, uliotiwa saini na pande zote mbili, wenye anwani kamili, maelezo ya fleti, tarehe, bei yote na masharti ya kughairi. Soma kwa makini malipo ya awali yameitwaje humo, kwa maana sheria inayatofautisha. Yakiwa ni arrhes, ukighairi unayapoteza, na mwenye nyumba akighairi anakurudishia mara mbili. Yakiwa ni acompte, umeshajifunga: ukighairi anaweza kukudai kodi yote. Omba arrhes. Ukipitia wakala mwenye leseni, haruhusiwi kukudai pesa zaidi ya miezi 6 kabla ya kukabidhiwa fleti, wala malipo ya awali yanayozidi asilimia 25 ya kodi. Mwenye nyumba binafsi habanwi na kipimo hicho, lakini wewe kitumie kama rula yako. Euro 1,400 zote ndani ya siku tatu, miezi kadhaa kabla? Kwa rula hiyo ni euro 350.

Na hata hizo 350 zisubiri, kwa sababu ya viza. Maombi ya viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Ufaransa, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini linaweza kuvuta mpaka 45. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12, nayo hairudi mkikataliwa. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Ubalozi unataka uthibitisho wa malazi, na hapa familia nyingi hukwama: karatasi inataja jina la aliyelipa tu. Majina ya nyote wanne yaandikwe, kama yalivyo kwenye pasipoti, pamoja na tarehe za kuingia na kutoka. Njia rahisi ni kukodi kwenye jukwaa au kwa wakala anayeruhusu kughairi bila kupoteza pesa hadi wiki chache kabla, mkaombea viza kwa uthibitisho huo. Mtalipa juu kidogo. Bado ni nafuu kuliko kukosa viza na euro 1,400 kwa pamoja.

Amana ni jambo la kawaida, ila euro 1,000 taslimu mkononi mwa mtu mliyekutana naye mlangoni, hapana. Iwe kwa kadi, pesa izuiwe tu bila kukatwa, na mkataba utaje itaachiliwa baada ya siku ngapi. Siku ya kuingia mfanye état des lieux, ukaguzi wa hali ya fleti, mkiwa na mwenye nyumba. Kama mnachukua ufunguo kwenye kisanduku cha namba, basi pigeni video kabla ya kufungua hata begi moja. Pitieni meza ya jiko kama ina mpasuko, godoro pande zote mbili, silikoni ya bafuni, rimoti, na mhesabu funguo na kadi za mlango wa chini. Mtumieni siku hiyohiyo ili tarehe ibaki kwenye ujumbe. Kuna pia taxe de séjour, kodi ya mgeni kwa kila usiku, ambayo mtoto wa chini ya miaka 18 halipi. Majukwaa makubwa hukata yenyewe. Mwenye nyumba akiidai tena, mwonyeshe risiti.

Mkitua uwanja wa Nice, msikimbilie teksi. Tramu ya laini 2 kutoka terminali hadi kituo cha Grand Arénas ni bure. Hapo mko jirani na stesheni ya Nice Saint-Augustin, na treni ya TER hadi Cannes ni kama nusu saa.

Ndani ya fleti kuna mambo matatu yanayowashtua wageni. La kwanza ni umeme. Fleti ndogo huwa zimeunganishwa kwa kiwango cha 3 au 6 kVA, yaani takriban wati 3,000 au 6,000 kwa wakati mmoja. Kwa 3, washa birika la wati 2,000 na oveni kwa pamoja, mita inakata. Mita ni ile ya rangi ya ndimu, Linky. Zima vifaa vikubwa, bonyeza kitufe cha + na ukishikilie sekunde chache mpaka usikie mlio, umeme unarudi. Usipozima kwanza, utakatika tena palepale. Soketi ni za pini mbili za duara, kwa hiyo za kwetu za pini tatu bapa haziingii: beba adapta moja nzuri na waya wa soketi nyingi kutoka nyumbani, simu zote zitachajia hapo. Oveni na birika zitumieni za fleti.

La pili ni maji moto. Hutoka kwenye tangi la umeme, cumulus. Lenye lita 100 lililochemka hadi nyuzi 60 hivi hutoa maji ya kuoga kwa watu watatu mfululizo, dakika tano tano kila mmoja. Wa nne anapata baridi. Nyumba nyingi zimelipanga lichemke usiku tu, umeme unapokuwa rahisi, kwa hiyo kusubiri saa moja hakusaidii. Fungua kisanduku cha fyuzi utafute swichi ndogo yenye nafasi tatu: 0, auto na 1. Isukume kwenye 1, tangi litaanza kuchemka mchana huohuo, na umeme wa usiku ukianza itarudi auto yenyewe. Usiiache kwenye 0. Kama mnataka kuoga bila kusukumana, wawili usiku, wawili asubuhi.

La tatu ni jiko. Likiwa ni la induction, linalopasha chombo chenyewe kwa nguvu ya sumaku, sufuria za aluminiamu halizitambui kabisa, halipati hata uvuguvugu. Jaribu kwa sumaku: isiponasa chini ya chombo, usikibebe. Chuma cha chapati kinafanya kazi vizuri. Soko la Forville, chini ya mtaa wa kale wa Le Suquet, lina samaki, mboga na matunda asubuhi. Jumatatu huwa ni siku ya vitu vya kale, msiende na kikapu.

Jambo dogo lenye gharama kubwa: milango mingi ya fleti Ufaransa haina kitasa cha kuzungusha kwa nje. Ukitoka kutupa taka na upepo ukaubamiza, umefungiwa nje. Fundi kufuli wa usiku hutoza mamia ya euro, na vikaratasi vilivyobandikwa mlangoni mwa jengo mara nyingi ndivyo vya matapeli. Mtu mmoja awe na ufunguo mfukoni kila saa, na namba ya dharura ya mwenye nyumba iwe kwenye simu ya kila mtu mzima.

Tuje kwa mama na bahari. Fukwe za Croisette ni mali ya umma. Sehemu kubwa imekodishwa kwa biashara zenye magodoro na miavuli ya kulipia, lakini ukanda wa kando ya maji ni wa kupita kila mtu, na zipo sehemu za bure kabisa: Macé karibu na Palais, na Zamenhof mbele kidogo. Agosti zinajaa mapema, kwa hiyo fikeni kabla ya saa nne asubuhi. Mkitaka nafasi, nendeni Boulevard du Midi.

Buibui yenye uso wazi si kosa popote barabarani wala ufukweni. Kinachokatazwa hadharani, kwa sheria ya Oktoba 2010, ni kufunika uso, na faini yake hufika euro 150; kama mama huvaa nikabu, hilo alijue kabla ya kupanda ndege. Kuhusu vazi lako la kuogelea: mwaka 2016 meya wa Cannes aliyapiga marufuku mavazi ya aina hiyo fukweni, na Agosti mwaka huohuo Baraza la Dola, mahakama ya juu ya utawala, likaamua katika kesi ya mji jirani wa Villeneuve-Loubet kwamba meya hawezi kukataza bila hatari ya kweli kwa usalama. Siku chache baadaye amri ya Cannes nayo ikasimamishwa na mahakama ya Nice. Baharini, basi, unaruhusiwa. Macho ya watu ni suala jingine. Boulevard du Midi, penye familia nyingi, huenda ukajisikia huru kuliko mbele ya magodoro ya kulipia. Bwawa la kuogelea la jengo halimo kwenye uamuzi huo. Lina kanuni zake za ndani, règlement intérieur, na mara nyingi hutaja mavazi. Fleti utakayoichagua ikiwa na bwawa, omba nakala ya kanuni hizo kabla ya kusaini.